Mchanga Mweupe Chini ya Pikapu ya Mama Kyalo

Huu ni mwezi wa pili tangu niache kazi, na bado siwezi kupita kando ya gari lililoegeshwa bila kuinama kuchungulia chini yake. Mke wangu hataki tena kuongozana nami sokoni. Anasema ipo siku watu watanipigia kelele za mwizi. Mimi natafuta matone tu. Nikikuta pakavu, roho hutulia kwa hatua chache. Nikikuta unyevu, siku yangu imekwisha, na gari lenyewe ni la mtu nisiyemjua hata kwa sura.

Nyinyi mliobaki gereji mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nilifikiria kuandika juu ya breki, lakini breki zina heshima yake tayari: ukimwambia mtu breki zako mbovu, hunyamaza na kusikiliza. Mafuta ya stelingi yakivuja hakuna anayejali. Mtu huongeza kidogo, huondoka, wiki ijayo huongeza tena, na huona kuwa ameshatengeneza. Kwa hiyo nitaandika juu ya hayo, na juu ya Ijumaa moja ambayo hata sasa hainiachi.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Nassoro, mtu wa Msambweni, mfupi, mkimya, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono ambayo ilikuwa nyeupe asubuhi tu. Gereji yake ilikuwa Ukunda, nyuma ya maduka ya Kona ya Musa. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya iliyonyooshwa kwa pasi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha badala ya spana akanipa ndoo.

"Nenda Diani," akasema. "Niletee mchanga. Ule mweupe wa juu, usiofikiwa na maji. Wa chini una chumvi, utalila sinia langu."

Nikadhani anajenga. Nikaenda, nikarudi na ndoo imejaa, mabega yanawaka. Akauchekecha mchanga ule kwa chekecheke la jikoni, akaumimina kwenye sinia kubwa la pilau lililopinda ukingo, akausawazisha kwa kiganja, taratibu sana. Kwenye ukingo wa sinia alikuwa amekwaruza alama kwa msumari: mbele, kulia, kushoto. Nilirudi nyumbani siku ile bila kushika hata bolti moja, na mama yangu aliponiuliza nimejifunza nini, nilimwambia nimejifunza kubeba mchanga.

Desturi yenyewe ilikuwa hii. Kila gari lililoletwa kwa sababu ya kuvuja, hata baada ya kutengenezwa, liliegeshwa na sinia chini ya injini yake tulipokwenda kusali adhuhuri, na halikuondoka hapo mpaka turudi kutoka alasiri. Kabla ya kuliacha, injini iliwashwa na stelingi ikazungushwa yote kulia, yote kushoto, mara kadhaa. Hapo panataka uangalifu: ukifika mwisho wa mzunguko usiing'ang'anize huko, maana presha hupanda na utapasua kilichokuwa kizima. Kisha injini ilizimwa. "Na lenyewe litulie," Fundi Nassoro alikuwa akisema. "Tukirudi litatuambia."

Na kweli lilikuwa likituambia. Maji masafi ni ya kiyoyozi, hayo yaache. Tone jeusi ni la injini. Tone jekundu ni la stelingi au la gia. Tone la manjano karibu na gurudumu ni la breki, na hapo humwiti mwenye gari, unamficha ufunguo kwanza. Mchanga mweupe haufichi kitu. Mwenye gari akija na haraka zake, Fundi Nassoro alimwonyesha benchi, na kabla ya kumpa ufunguo alichuchumaa kwenye sinia, akaangalia, akainuka. Hakuwa na risiti nyingine.

Alinifundisha pia nisiliamini tone. Mafuta hutoka juu, hutambaa kwenye chuma, upepo huyasukuma, na yanapodondoka yako mbali na kidonda. Kwa hiyo anza juu. Osha pote, kausha pote, jaza tangi la stelingi mpaka alama. Mtu mmoja azungushe stelingi, wewe shika tochi. Anza na tangi na kifuniko chake, njoo kwenye paipu ya mpira inayorudisha mafuta na klipu zake, nenda kwenye pampu, fuata paipu ya presha yote mpaka mwisho. Magari ya hoteli yalikuwa yakiliwa na kutu hapo, kwa sababu ya upepo wa bahari. Wageni hupenda gari liegeshwe penye mandhari. Mwisho nenda chini kwenye raki, ule mtambo unaosukuma magurudumu, uiminye mifuko yake miwili ya mpira yenye makunyanzi, wa kulia na wa kushoto. Mfuko ukiwa na mafuta ndani, sili ya raki, mpira unaozuia mafuta, imekufa. Na jambo la mwisho alilonifundisha ndilo nililolisahau siku lilipohitajika. Ukishaona panapovuja, alisema, usisimame, endelea kutafuta kama hujaona kitu.

Fundi Nassoro alipofariki, Mungu amrehemu, sinia lilibaki kwangu. Nililitumia miaka mingi bila kulisaliti.

Mama Kyalo alinijia miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mkulima wa huko Shimba Hills, katika mashamba ya watu waliohamia kutoka bara zamani, Mkamba, mjane, mwenye michungwa na pikapu moja nzee. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu. Alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma machungwa, mfupa ukaungana vibaya, na tangu hapo mkono ule uliweza kushika lakini haukuweza kuvuta. Pikapu aliichagua kwa sababu moja tu: stelingi yake ilikuwa laini.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "hii kitu imeanza kulia nikikata kona. Na inakuwa nzito. Wewe unajua ikikataa kabisa, mimi siwezi. Mtu mwingine atasukuma na nguvu. Mimi nitaenda mahali gari inataka."

Nilimwelewa. Mafuta ya stelingi yakiisha, gari halipotezi usukani. Huwa zito tu, na dereva mwenye mikono miwili hutoa jasho akafika. Lakini mama huyu alipanda na kushuka kilima cha Kwale kila wiki, na kile kilima kina kona ambazo ukizikosa huulizwi mara ya pili. Siku ile ile nikamkataza na simu. Nikamwambia, ukiwa unaendesha, simu ikilia iache ilie, mkono wako mzima uwe wa stelingi peke yake. Akasema sawa.

Nilimuuliza kama ameona matone mahali anapoegesha. Akasema hajaona hata moja. Nami nikaridhika na jibu hilo, kosa langu la kwanza, na sikulijua.

Pikapu ililala gereji. Asubuhi ya Ijumaa nikaiosha, nikaikausha, nikajaza tangi. Kevo, fundi wa umeme, kijana wa bara mliyemkuta akiitwa hivyo hivyo, akanizungushia stelingi. Mara moja nikaona: paipu ya kurudisha mafuta imepasuka karibu na klipu, inatoa mafuta mekundu kwa furaha kabisa. Nikafurahi na mimi. Nikabadilisha paipu na klipu zake mbili, nikajaza upya, nikatoa hewa. Nikaminya mfuko wa mpira wa kulia, mkavu. Wa kushoto ulikuwa umegandiwa na udongo wa shambani, mgumu kama tofali. Nikaugonga kwa kidole. Sikuuminya.

Nikaisogeza juu ya sinia saa tano na nusu, kisha nikaenda kuoga na kutia udhu.

Ijumaa desturi yetu ilikuwa ile ile, gari halitoki kabla ya alasiri. Lakini Mama Kyalo alikuwa amefika mapema, na mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milimani. Alikuwa na hofu ya kilima wakati wa mvua, na hofu ile niliiona ni ya haki. Niliporudi nimevaa kanzu, alikuwa ameshaketi ndani, pale nilipouacha ufunguo, injini inanguruma.

"Fundi, wacha niende," akasema. "Napitia sokoni kuchukua kreti zangu, halafu nataka kupita kona kabla maji haijamwagika. Stelingi iko laini sana. Asante."

Kanzu ile ilikuwa mpya, nyeupe, nimejipaka na manukato. Kuchuchumaa kwenye sinia la mafuta, na udhu wangu, na adhana iko karibu, niliona haiwezekani. Nikamwelekeza kwa mkono akarudi nyuma, akapinda, akatoka. Nikamwambia nenda salama. Nikaenda msikitini bila kuangalia chini.

Nilipata nafasi safu ya pili. Hotuba ikaanza, na hotuba ya Ijumaa haina kuzungumza wala kuinuka. Ilikuwa juu ya amana, nakumbuka hilo, na baada ya hapo sikumbuki neno. Kwanza nilijiambia paipu ni mpya, klipu zimekaza. Kisha nikaanza kuipitia pikapu ile kichwani, kutoka juu, kama nilivyofundishwa: tangi, paipu, pampu, presha, mfuko wa kulia. Nikafika kwenye mfuko wa kushoto nikakuta kidole changu kinagonga udongo. Udongo ule ulikuwa mgumu kwa nini? Udongo mkavu hupukutika. Ule uliganda kwa sababu ulikuwa umeloa mafuta kwa muda mrefu. Na sasa nilikuwa nimelijaza tangi mpaka alama, nimeziba pale pa juu palipokuwa pakimwaga, na mafuta yote yatatafuta pa chini. Nikaketi pale kati ya watu wamenyamaza, nikamwona Mama Kyalo kwenye kona, mkono mmoja unavuta, mwingine unashika tu. Sijawahi kuona hotuba ndefu vile, na imamu yule anajulikana kwa ufupi.

Tulipotoa salamu sikungoja sunna. Nilikimbia na kanzu nimeishika mkononi, mtu wa umri wangu, watu wa Kona ya Musa wakanipisha wakidhani nimefiwa.

Kevo alikuwa kwenye benchi anakula chapati na maharagwe. Nikapiga magoti kwenye sinia. Matone matatu mekundu, upande wa kushoto, hakuna hata moja chini ya paipu niliyobadilisha.

"Mzee, hizo si za jana?" Kevo akauliza.

"Leo asubuhi nilibadilisha mchanga," nikamwambia.

Nikapiga simu. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na nikakumbuka ni nani aliyemkataza asipokee. Mara ya tatu niliomba avunje amri yangu, akawa mtiifu. Kevo akaacha sahani.

"Twende na nduthi yangu. Panda, mzee. Shika hiyo kanzu isiingie kwa cheni, tutaanguka sote."

Tulikwenda kwa pikipiki yake. Kanzu ilipepea, kofia ilichukuliwa na upepo mahali fulani ambapo hatukurudi kuiokota. Tulipofika Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka, matone ya kwanza ya mvua yakatupiga usoni. Kila gari lililokuwa likishuka kutoka milimani niliangalia uso wa dereva wake. Nilikuwa nikitafuta kama ameona kitu njiani. Dereva mmoja wa lori alitikisa kichwa akizungumza na mwenzake, na mimi nikajua kabisa, nikasema kwa sauti ewe Mola nimemuua mjane wa watu. Kevo hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Tulipofika Matuga tukaiona. Pikapu ilikuwa pembeni, magurudumu mawili juu ya nyasi, imeinama kidogo, kreti tupu zimepangwa nyuma vile vile. Ndani hapakuwa na mtu. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama, nikashika boneti.

"Fundi," sauti ikasema. "Umekuja na kanzu."

Alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka, anajikinga mvua, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto. Uso ulikuwa na jasho lililokauka.

"Umeumia, Mama Kyalo?"

"Sijaumia. Ilianza kulia hapo chini, ikakuwa nzito, nzito, nzito. Nikavuta na huu mkono, nikasukuma na kifua, nikasaidia na goti. Nikasema kabla ya kona nitaiweka kwa nyasi, hata kama ni kwa mtaro." Akaonyesha kwa kidole. "Kona yenyewe ni ile pale."

Nikageuka nikaiona. Ilikuwa karibu kiasi cha kuweza kuirushia jiwe.

"Nilikupigia simu."

"Niliisikia. Ulisema niiache." Kisha akaniangalia kwa utulivu ambao ulinichoma kuliko angenitukana. "Lakini Fundi, leo hukuangalia chini."

Nikaitazama pikapu.

"Mimi nilikuona. Huwa nakuona ukipatia watu gari zao. Lazima uchuchumae kwanza, hata kama mtu anapiga kelele. Leo hukuchuchumaa. Nikasema, basi hii imepona kabisa, mpaka Fundi haoni haja."

Ningeweza kumtajia mawingu, na haraka aliyokuwa nayo yeye mwenyewe. Yalinijia yote mdomoni. Nikaona aibu, nikamwambia ukweli.

"Nilichelea kuichafua kanzu."

Akaitazama. Ilikuwa na grisi ya cheni ubavuni, na tope la barabara mgongoni mpaka shingoni.

"Sasa imechafuka," akasema.

Kevo akageuka upande akacheka. Mimi nikaingia chini ya pikapu na kanzu ile ile, kwenye nyasi zilizoloa, nikabandua udongo, nikauminya mfuko wa kushoto. Mafuta mekundu yakanijaa kiganjani yakamiminika mpaka kwenye kiwiko. Nikabaki pale chini muda kidogo zaidi ya kazi ilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa nikilia na sikutaka Kevo aone.

Tuliivuta mpaka Ukunda. Raki nikaishusha mwenyewe, nikaifungua juu ya kitambaa safi. Sili zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, na mpira haulainiki hivyo kwa uzee. Nikamuuliza Mama Kyalo alikuwa akiongeza nini. Jirani yake alimpa mafuta ya breki yaliyobaki kwenye mkebe, akamwambia mafuta ni mafuta. Shikeni hili: mafuta ya breki kwenye stelingi ni sumu ya mpira. Ukikuta hata dalili yake, toa yote, safisha njia zote, na usiamini sili wala paipu yoyote ya mpira iliyoyaonja, hata ikiwa inaonekana nzima.

"Na muda wote huo," nikamuuliza, "kweli hukuona tone hata moja nyumbani?"

"Kwetu udongo ni mwekundu, Fundi," akasema. "Hayo mafuta yenu ni mekundu. Nitaona nini?"

Miaka yote ile nimeuliza watu swali lile lile, wa Diani na wa milimani, na sikuwahi kuuliza anaegesha juu ya nini.

Pikapu ilipokuwa tayari niliiweka juu ya sinia tangu adhuhuri. Mama Kyalo aliketi kwenye benchi bila kuulizia saa. Tuliporudi kutoka alasiri nikachuchumaa, nikasikia magoti mengine yanalia kando yangu. Alikuwa amechuchumaa naye. Tukaangalia pamoja mbele, kulia, kushoto, na kushoto tena. Mchanga ulikuwa mweupe mtupu. Hakuchukua ufunguo mara moja.

"Naomba huu mchanga," akasema. "Gunia moja."

Kevo alikwenda Diani akamletea wa juu, usiofikiwa na maji. Tangu wiki ile ndipo Kevo akawa mlinzi wa sinia wakati sisi wengine tukisali, na ndiyo sababu ufunguo wa gari linalovuja hukaa mfukoni mwake hata mwenye gari awe nani. Msiiondoe sheria hiyo kwa sababu mimi sipo. Na kama gari limetoka shambani, bandueni udongo wote kwanza, kisha ndipo mseme mmeliona.

Kilima kile Mama Kyalo amekipanda miaka yote iliyofuata. Kila mvua iliponyesha mchana wa Ijumaa nilimpigia simu, na alipokosa kupokea nilifurahi kidogo na kuogopa sana, mpaka apige mwenyewe akishafika.

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu nyumba ilinishinda. Ijumaa, baada ya sala, nikapanda kwenda Shimba Hills, mara yangu ya kwanza kufika kwake. Ua wote ni udongo mwekundu, umefagiwa vizuri, na kati yake, chini ya pikapu ile nzee, kuna mraba mweupe wa mchanga wa Diani, umesawazishwa kwa kiganja. Kwenye kipande cha ubao kando yake mtu alikuwa ameandika kwa makaa: mbele, kulia, kushoto.

Mama Kyalo akatokeza mlangoni mwa jiko, anajifuta mkono.

"Karibu, Fundi. Umeangalia?"

"Bado," nikamwambia.

Nikapiga magoti na kanzu yangu kwenye udongo mwekundu. Mchanga ulikuwa mkavu. Nikaangalia tena.